Cheti cha Ndoo Mbili

Wifi yangu alipoanza kutokwa na damu, miaka kadhaa baada ya hedhi kumkoma, hakwenda kwa daktari. Alikwenda shule. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mimi nilifichwa kwa muda mrefu, na sipendi mtu mwingine afichwe.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Hospitalini anakofanya usafi wanamwita Ndoo Mbili, na jina hilo alilipata kwa ugomvi. Wenzake walipenda kubeba ndoo moja, wanachovya dekio humohumo mpaka maji yanakuwa meusi, kisha wanayapaka sakafuni na kusema wamesafisha. Yeye akasema hapana. Ndoo moja ya maji safi yenye dawa, nyingine ya kusuuzia uchafu, na anayetaka kuzichanganya akadeki kwao. Ana sheria nyingine pia. Unaanzia kona ya mbali, unakuja kinyumenyume, unamalizia mlangoni. Ukishatoka hurudi. Hata ukisahau simu yako ndani, itakaa hukohuko mpaka sakafu ikauke. Wanasema siku moja alimzuia daktari mkuu mlangoni, dekio kifuani kwake: "Subiri, baba. Mbichi hiyo." Na daktari mkuu akasubiri.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na wifi anakaa chumba cha uani. Pembeni ya kioo nimetundika cheti changu cha kidato cha nne. Hakinisaidii kusuka, lakini wateja wanapenda kujua kwamba kichwa chao kimeshikwa na mtu aliyesoma. Wifi alikuwa akikipangusa vumbi kila akipita na kunichokoza: "Hiki nacho kinajua kusuka?" Akaniita Msomi, na jina likanishika.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la pili. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado anatambaa, na mtoto yule akafungwa mgongoni kwa dada yake. Daftari likafungwa siku hiyohiyo. Mdogo mtu akaja kusoma, akajifunza kuchomelea vyuma, akaoa mwanamke mwenye ulimi kama mimi. Dada mtu akabaki kusaini mshahara kwa dole gumba. Hakuwahi kulalamika, ila nikiwa nasoma gazeti alikuwa ananitazama macho yanavyokwenda kulia na kurudi kushoto.

Yafuatayo sikuyajua wakati yakitokea. Alinisimulia baadaye, nami nayapanga kama yalivyokwenda.

Damu ya kwanza aliiona akivua sare ya kazi. Tone tu. Akajiambia ni uchovu, kabeba ndoo zikiwa zimejaa mno. Ikarudi. Ndipo hofu ilipomwingia, maana wodi anayoideki kila asubuhi ni ya wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Harufu yake anaijua. Anaweza kukwambia mgonjwa mpya amelazwa upande gani kabla hajamwona. Na katika wodi ile hakuwahi kuona mtu akipona. Wanaopona hutibiwa kliniki ya ghorofani, wanaingia asubuhi na kutoka kwa miguu yao, na ghorofani alideki mtu mwingine. Yeye alipangiwa waliochelewa. Aliwaona wakiletwa wamebebwa, na muuguzi akifoka: "Mlikuwa wapi siku zote? Matangazo hamsomi?" Mgonjwa anageukia ukutani. Wifi naye anainama, anaendelea kudeki.

Basi akakaa kimya na damu yake. Alikuwa anajikagua kila akienda msalani, roho mkononi, na siku ikipita kavu alikuwa anashukuru mpaka machozi. Kisha inarudi.

Ikaja siku ya ukumbini. Kulikuwa na somo la wauguzi na wanafunzi, na mtu alikuwa amemwaga chai mbele, karibu na jukwaa. Wifi akaitwa. Akaanzia pale mbele, akawa anakuja kinyumenyume pembeni ya viti kuelekea mlangoni. Mwenye somo hakumsubiri amalize. Alikuwa daktari wa kike, kijana, mwenye miwani na sauti ya upole. Akamwambia, "Endelea tu mama, hutusumbui," kisha akawasha picha ukutani. Picha ilikuwa ya nguzo zilizosimama pamoja, ya kwanza ndefu, nyingine zinafupika kadiri unavyokwenda. Maandishi ya chini yake wifi hakuweza kuyasoma, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Daktari akaigusa nguzo ndefu akasema hawa ni wanawake ambao hawakusoma. Akaigusa ile fupi akasema hawa wamefika chuo. Akasema tena, polepole ili watu waandike, kwamba elimu ya mwanamke inavyokuwa ndogo ndivyo hatari yake ya kufa kwa saratani hii inavyokuwa kubwa.

Wifi alikuwa amefika mlangoni. Akatoka, akauvuta mlango, akasimama kwenye korido na ndoo zake mbili. Ndani daktari aliendelea kusema, ila wifi alichokisikia kilikuwa kimekwisha hapo.

Akapiga hesabu yake. Mwenye presha anaambiwa aache chumvi. Mwenye kisukari anaambiwa aache sukari. Asiyesoma je? Asome. Chekeni kama mnataka. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa, Mungu anisamehe, kisha nikalia. Lakini kwa maneno yale aliyoyasikia, nitafutieni kosa la hesabu ile liko wapi.

Wiki hiyohiyo akajiandikisha darasa la watu wazima. Lilikuwa katika shule ya msingi iliyo jirani, alasiri, watoto wakishaondoka. Walikuwa mwanamke muuza mboga, mlinzi wa ghala, fundi viatu na wengine wachache, wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Aliyefundisha alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kikohozi. Wifi alipotutangazia mezani, mume wangu aliacha kula akamkumbatia. Mimi nikaanza yangu.

"Wifi, uzeeni hivi? Kuna mtu unataka kumwandikia barua ya mapenzi?"

"Elimu haina mwisho, Msomi. Au yako ilikwisha?"

Tukacheka wote watatu. Yeye alicheka kuliko sisi.

Sijawahi kuona mtu akisoma vile. Watu wazima husoma kwa raha, wakichoka wanapumzika, wakikosea wanajicheka. Wifi alisoma kama anayefukuzwa. Alikuwa akitoka kazini anapitia darasani, akitoka darasani anaingia saluni na kusimama pembeni yangu huku nimeshika kichwa cha mteja. "Msomi, hili neno nimelipatia?" Nikimwambia umekosea herufi moja, midomo inamtetemeka. Akideki saluni yangu alikuwa anaandika sakafuni kwa dekio, herufi kubwakubwa za maji, anazisoma haraka kabla hazijakauka. Nikamwambia, "Pole pole wifi, shule haikimbii." Akanijibu bila kunitazama, "Mimi ndiye sina muda." Nikadhani anasema habari za umri.

Mke wa mwalimu alikuwa mteja wangu. Siku moja akaniambia, "Yule wifi yako anamsumbua mume wangu. Kila kipindi kikiisha anamfuata: mwalimu, niambie, darasa la ngapi ndiyo inatosha? Mwalimu anamuuliza inatosha kwa nini, hasemi. Anarudia tu, inatosha." Tulicheka mimi na mteja mpaka kitana kikaniponyoka. Leo nikilikumbuka swali lile mwili unanisisimka.

Dalili zilikuwepo, kama ningekuwa na macho. Nguo zake za ndani aliacha kuanika kwenye kamba ya uani, akawa anaanika chumbani. Nguo za rangi nyepesi akazigawa. Akapungua. Akaacha kukaa kwenye viti vyangu, akawa anasimama tu. Mimi na usomi wangu nikafikiri nimegundua siri: kuna mwanamume. Nikamchunguza siku mbili tatu nione anatokea nani.

Ukweli niliupata siku moja kabla ya kugawiwa vyeti. Walikuwa wamefanya mtihani, wifi amefaulu, na nilisema nitamsuka bure apendeze. Hakutaka kukaa. Nikamkalisha kwa nguvu kwenye kiti cha wateja chenye kitambaa cha rangi ya maziwa. Nilimsuka taratibu, nikamsimulia umbea wa mtaa mzima, naye anaitikia kwa kuguna. Nilipomaliza akasimama, na sote wawili tukakitazama kiti.

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafika uani na kurudi na bakuli la maji. Akapiga magoti, akaanza kusugua.

"Damu inataka maji baridi," akasema kwa sauti yake ya kazini. "Ya moto yanaifunga, haitoki tena."

"Wifi."

"Na chumvi kidogo."

"Wifi, hedhi si ilikukoma?"

"Ilikoma."

"Hii je?"

"Imerudi."

"Tangu lini?"

Akasugua. Nikamshika mkono, nikaukuta wa baridi kuliko maji yale. "Wifi, nakuuliza. Tangu lini?"

"Kabla sijaanza shule."

Nikapandisha sauti, maana mimi nikiogopa huwa nafoka. "Na unafanya kazi hospitali! Kila siku unapita mbele ya madaktari, unakaa na jambo kama hili? Hujui kwamba mficha maradhi kifo humwumbua?"

"Sikukaa nalo. Niliingia kwenye dawa."

"Dawa gani?"

"Shule."

Ndipo akanisimulia habari ya ukumbini, ya chai iliyomwagika, ya nguzo ndefu na nguzo fupi. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza njia. Hapo ndipo nilipocheka kile kicheko, na hapo ndipo kilipogeuka. Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali.

"Kesho napewa cheti. Twende keshokutwa."

"Cheti ni karatasi, wifi!"

"Na chako pale ukutani ni nini?"

Akakaa chini sakafuni, bakuli miguuni, na kwa mara ya kwanza nikamwona alivyochoka. "Wewe hujawahi kusikia wanavyosemeshwa wale wa wodini," akasema. "Mimi nasikia kila siku. Nikienda mikono mitupu wataniuliza nilikuwa wapi. Nikienda na cheti nitawajibu." Akanishika kanga. "Na mdogo wangu usimwambie. Kesho acha afurahi."

Nikakubali. Siku moja tu, nikajiambia, itapita. Sijui kama kuna siku iliyowahi kuwa ndefu kama ile.

Sherehe ilifanyika darasani kwao. Mume wangu alikuja amevaa shati aliloolea, akapiga picha kila kitu hata ubao. Watu wanacheka, muuza mboga anapiga vigelegele, mwalimu anakohoa na kuhutubia kwamba elimu ni bahari. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sketi ya wifi, rangi nyeusi aliyoichagua makusudi. Kila akiinama kushika tumbo moyo wangu unaruka. Mume wangu akaninong'oneza, "Mbona hupigi makofi? Unamwonea wivu dada?" Nikapiga makofi. Ulimi ulikuwa unaniwasha, nikauuma. Wifi alipoitwa alitembea polepole mpaka mbele, akasoma mistari mitatu kwa sauti, bila kukosea hata neno, akapokea cheti kwa mikono miwili. Alipogeuka, alinitazama mimi, siyo mdogo wake, kwa uso wa mtu aliyefika duka la dawa na chupa tupu akihofia limefungwa.

Kesho yake asubuhi tukapanda kliniki ya ghorofani. Chini mfanya usafi mwenzake alimwona akapiga kelele, "Ndoo Mbili! Leo ndoo ziko wapi?" Wifi akainua mkoba kidogo, akatabasamu, tukapita. Juu tulikuta benchi limejaa wanawake. Mmoja anafuma, mmoja anaongea na simu akigombana na mtu wa hardware kuhusu saruji, wawili wanachekana. Wifi akaninong'oneza, "Hawa wanasubiri nini?" Nikamuuliza muuguzi, naye akasema wengine wanakuja kupimwa tu, na wengine waliwahi kuugua, wanarudi kuangaliwa kama bado wazima.

"Waliugua hii hii?" wifi akauliza.

"Hii hii, mama."

Akawatazama mmoja mmoja. Yule wa saruji alikuwa bado anagombana. "Miaka yote nadeki pale chini," akaniambia, "sikujua kuna watu wanatoka." Akaukumbatia mkoba wake.

Tulipoingia, nikamtambua daktari kwa miwani niliyosimuliwa. Yeye hakumkumbuka wifi. Kabla hajamwuliza chochote, wifi alifungua mkoba, akatoa cheti kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka mezani kimeelekea upande wa daktari.

"Hiki ni nini, mama?"

"Nimesoma. Nimeanza pale uliposema, sijakosa kipindi. Lakini damu haijakata. Nimekuja kuuliza kama linatakiwa darasa la juu zaidi."

Daktari akanitazama mimi. Nikamweleza kwa kifupi. Akavua miwani, akaishika tu mkononi.

"Mama yangu," akasema, "shule haizuii saratani. Nilikuwa nawaeleza wauguzi kwamba asiyesoma hutufikia kwa kuchelewa. Dalili hakuambiwa, kazini hapewi ruhusa, anaogopa kufokewa, hajui mlango upi ni wake. Ndiyo maana anakufa zaidi. Nikawaambia tuwafuate, tusiwafokee. Nilisema yote hayo."

"Ulisema lini?"

"Palepale. Baada ya ile picha."

"Nilikuwa nimeshafika mlangoni."

"Ungerudi ndani, mama. Ungeniuliza."

Wifi akamshangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Sakafu ilikuwa mbichi," akasema.

Daktari akanawa mikono, akamsaidia mwenyewe kupanda kitandani.

Wakamkata kinyama kidogo cha kupima, wakatuambia tusubiri majibu. Siku za kusubiri sitaki kuzisimulia sana. Mume wangu tulimwambia jioni hiyohiyo. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama na glavu zake za kuchomelea, kisha akasema, "Ni mimi. Aliacha shule kwa sababu yangu."

Wifi akamjia juu. "Wewe ulikuwa unatambaa! Umeanza lini kuwa na akili ya kumtoa mtu shule?" Akamvua glavu kama anamvua mtoto. "Nenda kaoge, unanuka moshi." Akaenda. Nilimsikia bafuni maji yakimwagika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuoga.

Majibu yalipotoka tulikwenda wote watatu. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imevuka mlango wa kizazi kidogo. Daktari akasema hapo kukata peke yake hakutoshi, itabidi mionzi na dawa, wiki nyingi. Nafasi ya kupona ipo, tena si ndogo.

"Na mwanzoni ingekuwaje?" wifi akauliza.

Daktari angeweza kudanganya. "Mwanzoni kabisa pengine tungekata kidogo tu, ukarudi nyumbani."

"Mwanzoni ni lini? Siku ile ya chai?"

"Karibu na siku ile."

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilimkasirikia daktari na picha zake, muuguzi mfokaji, aliyemwaga chai, na wifi na sheria zake za sakafu. Nikaanza kusema kwa sauti kwamba mambo gani haya, mtu anafia ndani ya hospitali ameshika dekio, hakuna hata mmoja aliyemuuliza hali yake. Daktari aliniacha niseme. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza taratibu, "Na wewe, dada, umeshapimwa?"

Na mdomo wangu, kabla sijaushika, ukajibu: "Mimi nimemaliza kidato cha nne."

Mume wangu akaniangalia. Wifi akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka, cheti chake bado kimo mkobani. "Haya," akasema alipopata pumzi. "Kumbe tuko wawili wenye dawa hii."

Niliahidi nitakuja wiki ijayo. Wiki ilipofika kulikuwa na bibi harusi wa kusuka. Iliyofuata wifi alianza mionzi, nikasema nitamuuguza kwanza. Nilimpeleka na kumrudisha, nikampikia uji, nikamshikia beseni akitapika, na kila tukipita chini ya ngazi za ghorofani nilikuwa na sababu mpya. Ngoja ngoja huumiza matumbo, namwambia hivyo kila mteja anayechelewa kuja kusukwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Usiku nilijigusa tumbo nikitafuta maumivu ambayo sina. Nilisoma kila kitu kwenye simu, nikajua dalili zote na majina yake, na mlango ule sikuugonga.

Mionzi ikaisha. Wifi amekonda, ngozi imekuwa nyeusi kiunoni, na damu imekata. Daktari amesema tungoje miezi michache kabla ya kupimwa tena, ndipo tujue. Kwa hiyo tunangoja. Hajarudi kazini, lakini jana asubuhi aliingia saluni akiwa amevaa vizuri, akasimama mbele ya kioo, akakiondoa cheti changu ukutani na kukipangusa vumbi. Badala ya kukirudisha, akakitia mkobani mwangu.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Ukampe daktari. Mimi changu alishakiona."

Nilimfuata kwa sababu hana nguvu ya kutembea peke yake, au ndivyo nilivyojiambia. Akapanda zile ngazi akiniegemea, anapumzika kila hatua chache, na mimi ndiye niliyekuwa natweta. Tulikaa kwenye benchi. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka nauona kwenye blauzi. Wakaita jina langu. Nikasimama, nikatazama mlango wa daktari uliofunguliwa, kisha nikageuka kuzitazama ngazi.

Mfanya usafi wa ghorofani alikuwa ameshapita nyuma yetu. Korido nzima ilikuwa inang'aa maji mpaka kwenye ngazi, na yeye amesimama upande wa pili na dekio lake. Pembeni yake zilikuwa ndoo mbili.

"Usimkanyagie mwenzangu sakafu," wifi akasema kutoka kwenye benchi, mkoba wangu ameshaupakata. "Ingia, Msomi."

Nikaingia.